Kuendesha Pikipiki Tupu

Mume wangu alipoanza kutembea upande wa kushoto wa barabara, nilijua kwamba safari ile haikuwa mzaha tena. Hapa Butembo wote tunashika kulia, watu, magari na mbuzi. Lakini alikuwa ameambiwa kwamba kule Uganda vyombo vyote hupita kushoto, na kwa kuwa hakuweza kuendesha kushoto katikati ya mji bila kututia msibani, aliamua kuizoeza miguu kwanza. Jumapili tukienda kanisani alikuwa ananivuta mkono tuvuke ng'ambo, kisha tunapanda kilima uso kwa uso na watu wote wanaoteremka. Wamama waliobeba mabeseni ya ndizi walimpisha yeye na kunitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyemtoa akili.

"Papa wa batoto," nilimwambia, "batu bataanza kusema umekunywa."

"Mie niko najifunza," akajibu. "Akili inashika mara moja. Mwili ndio uko mubishi."

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Wazee kadhaa wa Butembo na Beni, ambao ujanani walikuwa motari, yaani walibeba abiria kwa pikipiki, na ambao sasa wana mvi na maduka yao, walipatana na kiongozi mmoja wa safari kutoka Kasese. Angewaongoza kwa pikipiki zao wenyewe kuuzunguka mlima Ruwenzori upande wa Uganda. Gari lingefuata nyuma na mizigo. Wangelala katika hoteli ndogo njiani, wangeona maziwa na viboko, kisha wangerudi nyumbani. Sisi mlima ule tunaujua kwa uso wake mmoja tu. Asubuhi ukiwa Beni, mawingu yakikuhurumia, unauona na weupe wake juu, halafu unafungwa tena. Tangu nimfahamu, mume wangu alikuwa akisema kwamba kabla hajafa lazima auone mgongo wake.

Mimi sikuelewa. Mtu wa Butembo hasafiri bure. Anayekwenda Kampala anarudi na vitambaa, anayekwenda Dubai anarudi na vipuri, na hata anayekwenda kuzika Lubero anarudi na kapu la viazi kwenye magoti. Ukirudi mikono mitupu, majirani wanadhani umeibiwa njiani na wanakuja jioni kukupa pole.

"Utaleta nini?" nilimuuliza.

"Hakuna."

"Na unapeleka nini?"

"Hakuna."

"Donc, basi, unaenda kuzunguka mulima sawa vile kuku inazunguka nyumba."

Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nikamjibu basi aende akaokote, lakini asinitume kumufulia koti. Kesho yake nilimfulia koti, nikalishonea na mfuko wa ndani wenye kifungo.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu. Sikuwa na wivu wa mwanamke mwingine, kwa sababu mume wangu hana muda wala sura ya mambo hayo. Nilikuwa na wivu wa barabara. Mimi ni mfanyabiashara wa maharagi, na tangu tuoane tumekwenda Vuhovi kila siku ya soko kuyanunua, yeye mbele, mimi nyuma yake, gunia nyuma yangu. Mvua ikinyesha, udongo wa kule unateleza kama sabuni, nami hushuka nikasukuma, kikwembe, kitenge changu, kikiwa kimefungwa magotini. Barabara ile siijui kwa macho, kwa maana mbele yangu kuna mgongo wa mtu mnene. Naijua kwa mabega yake. Yakikaza, shimo linakuja. Yakilegea, tumefika kwenye daraja na sasa tutapumua.

Na sasa alikuwa anakwenda njia nzuri kuliko zote za maisha yake, na hakuna aliyesema neno kuhusu mimi. Sikuuliza. Mtu ana haki ya kubaki na heshima yake.

Niliendelea tu kumtazama akijiandaa. Akafunga vioo vya pembeni, ambavyo kwa miaka vilikuwa vimelala kabatini vikiwa vimefungwa kwa gazeti, maana motari wa kwetu huona vioo vinavunjika bure. Akabadilisha tairi. Akanunua glavu. Mwishoni akafungua kile chuma kipana cha kubebea mizigo ambacho tulikichomelea siku ileile tuliponunua pikipiki, akakiegemeza ukutani jikoni. Pikipiki ikabaki fupi na nyepesi, nikaona ni kama kuku aliyenyonyolewa. Nilimwambia chakula kiko mezani, nikatoka nje kidogo.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo bado halijapita. Kiongozi alisema atakuja Beni kumtazama kila mtu akiendesha, na asiyemridhisha atabaki nyumbani. Hakutaka kuvusha mpakani mtu ambaye angemrudisha ndani ya gari. Kwa hiyo safari yote ya mume wangu ilisimama juu ya asubuhi moja.

Tulikwenda Beni pamoja. Nilisema nina shughuli sokoni. Sikuwa na shughuli yoyote. Nilikaa nyuma yake kama kawaida, nikiwa na gunia dogo la maharagi ya binti yetu, anayekaa huko katika mtaa unaoitwa komini ya Ruwenzori. Tulikimbia vizuri sana, na mabega yake yalikuwa mepesi njia nzima. Nikasema moyoni, huyu ameshapita.

Kesho yake asubuhi walikutana kwenye uwanja nyuma ya kanisa moja, si mbali na kwa binti yetu. Kiongozi alikuwa mwanamke. Hilo mume wangu hakuwa ameniambia, labda hakulijua. Alikuwa na umri wa binti yetu, amevaa buti mpaka magotini na suruali yenye vumbi, na alipofika mbele yangu alisema, "Wavukire, mama," salamu ya asubuhi, kwa lugha yetu kabisa, akiivuta kidogo tu kama wanavyoivuta watu wa ng'ambo. Nilimshika mkono kwa mikono yote miwili. Najua tangu utoto kwamba nyuma ya mlima kuna watu wetu, lakini kujua ni kitu kimoja, na kusalimiwa ni kingine. Toka hapo tuliongea naye kwa lugha hiyo, na Kiswahili tukawaachia wanaume.

Alipanga mawe uwanjani. Wapite kushoto, wazunguke kushoto, kisha wateremke njia ya changarawe pembeni ya uwanja na kufunga breki kabla ya jiwe jeupe. Kwenye kushoto, mume wangu aliwashinda wote. Wenzake walikosea, mmoja akaenda moja kwa moja kumkabili mwenzake, lakini yeye alipita kama aliyezaliwa huko, na wale waliomcheka wakati wa kutembea kwake wakasogea kumtazama vizuri. Nilinyoosha shingo.

Kisha ikaja ile njia ya changarawe. Alishuka, akafunga breki, gurudumu la nyuma likateleza pembeni, akaanguka. Aliinuka haraka, kama mtu mzima anayetaka watu wadhani hawakuona. Akajaribu tena, akaanguka tena, na suruali ikapasuka gotini.

"Baba, umeendesha miaka mingapi?" kiongozi alimuuliza kwa upole.

"Tangu weye hauyazaliwa bado," alisema mume wangu, na hakuwa anajigamba. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kiongozi alimwambia apumzike, atajaribu mara moja ya mwisho akishatulia. Akaeleza kwamba kule kuna miteremko mirefu kuliko hiyo, na hawezi kumchukua mtu asiyeweza kusimama.

Nilisogea hadi pembeni ya njia. Mume wangu aliiwasha pikipiki tena akazunguka uwanja polepole kujituliza, na ndipo nilipomwona. Nasema nilimwona kwa sababu tangu tuoane nilikuwa nimemwona akiondoka na nimemwona akifika, lakini kusimama kando na kumtazama anaendesha, hiyo sikumbuki. Alikuwa amekaa mbele kabisa, karibu juu ya tangi la mafuta, magoti yametoka nje. Na nyuma yake kulikuwa na kiti kitupu, kirefu, nafasi ya mtu mmoja mnene na gunia. Uzito wote ulikuwa mbele. Gurudumu la nyuma halikuwa na kitu cha kulishikiza chini, na breki ikiligusa tu, linakimbia.

Alikuwa ameniachia nafasi yangu. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi, ingawa hapakuwa na mtu aliyeniuliza.

Wazo baya lilinipitia pia, na sioni sababu ya kulificha. Nikinyamaza, anabaki nyumbani. Tunapanda pikipiki yetu, tunarudi Butembo, na siku ya soko tunakwenda Vuhovi kama zamani. Nilisimama na wazo hilo kidogo, halafu nikatazama suruali yake iliyopasuka gotini, nikatembea mpaka katikati ya uwanja.

"Papa, uko nakaa kwa tangi," nilimwambia. "Rudia nyuma."

Aligeuka akatazama kile kiti, kisha akanitazama mimi.

"Kule ni fasi yako," alisema.

Hakusema kwa kunifurahisha. Alisema kama mtu anayeambiwa ahame nyumba. Hata hivyo alijaribu. Alirudi nyuma, akanyoosha mikono, akaondoka, na kabla hajafika kona ya kwanza alikuwa ameshateleza mbele kwenye tangi lake, bila kujua. Tukamrudisha. Akateleza tena. Wenzake walianza kucheka, naye pia akacheka, lakini nilimjua, hakuwa na furaha.

Kiongozi alikuwa amesimama mikono kiunoni. Aliniambia wazee wengi wa upande wetu hukaa hivyo, ila wengi wanarekebika. Huyu mwili wake umeshasoma somo moja tu.

"Huwa anabeba nini?" akaniuliza.

"Mimi," nikasema. "Na maharagi."

"Maharagi yatabaki. Wewe je?"

Kiongozi alikwenda kwenye gari lake akarudi na kofia ngumu, kaske, akanipa. Ilibidi nivue kitambaa cha kichwani mbele ya wanaume wale wote, baadhi yao wazee wa kanisa, nami sijawahi kutoka nje kichwa wazi. Nilikivua. Nilikikunja nikakitia ndani ya blauzi, nikavaa ile kofia, nikafunga kikwembe vizuri, nikapanda.

Tulizunguka kushoto. Tukaingia kwenye changarawe. Niliona mabega yake yakikaza, nami nikakaza, halafu yakalegea katikati ya mteremko, jambo ambalo halikuwa limetokea asubuhi ile. Tukasimama kabla ya jiwe jeupe, mbali nalo kabisa, wala hatukuyumba. Aliizima. Nilisikia moyo wake ukipiga kupitia koti nililolifua.

Kiongozi alikuja akicheka.

"Hivi nawachukua," alisema. "Mmoja peke yake, hapana."

Kisha akasema kitu kingine, kwa kawaida tu, akiwa tayari anamwita mzee anayefuata. Alisema abiria walikuwa wanaruhusiwa tangu mwanzo, aliwaeleza wote siku ya kwanza, na wawili walikuwa wameshawaandikisha wake zao.

Nilishuka. Nilivua kofia. Mume wangu alikuwa anatoa vijiwe vilivyoingia katika kiganja, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa ambao hauhitajiki kwa vijiwe.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Juu ya nini haukuniuliza?"

Hakuinua macho. "Niliogopa utasema hapana."

Nilifikiri juu ya hilo. Nilifikiri juu ya kuku anayezunguka nyumba, na koti, na mambo yote niliyoyasema jikoni miezi ile yote. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingethubutu kuuliza.

"Ningesema hapana," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeshinda kesi ambayo hakutaka kuishinda.

"Kiisha ungeuliza tena," nikasema. "Miaka yote hii, na haujui? Mwanamuke wa kwetu anajibu mara ya pili."

Nyuma yetu pikipiki nyingine ilikuwa inateremka changarawe. Alisubiri ipite. Akafuta kiganja kwenye suruali iliyopasuka, akasimama wima kama siku alipokuja na wajomba zake kwa baba yangu kuniposa.

"Mama, tutaenda wote?"

"Hapana," nikasema.

Akanitazama. Kisha akauliza tena.