Mwanakombo Hauzi Unga

Mwanakombo hauzi dawa ya unga. Anayeingia dukani kwake Temeke huiona dawa ikiwa nzima, mzizi au gome au ua, kabla hajaibeba. Mama Lin, tabibu wa Kichina aliyemfundisha kazi kule Kinondoni, alimwonya kwamba kilichosagwa huweza kuficha chochote. Mwanakombo akalishika neno hilo kama nadhiri.

Kazi yenyewe haina uchawi. Mgonjwa hutoa ulimi utazamwe, hushikwa mapigo kwa vidole vitatu, huulizwa analalaje na anakula nini. Aliyeingiwa na baridi huchanganyiwa tangawizi na mdalasini. Aliyedhoofika, kunazi kavu za Kichina. Mzizi mtamu wa urukususu huongezwa ili dawa zipatane, ila mwenye presha hapewi, maana humpandishia. Vyote huchemshwa kwenye chungu, si sufuria. Na anayemeza vidonge vya hospitali huvitaja kwanza, la sivyo hahudumiwi.

Wanaume ndio humsumbua.

"Sista, mie nipe ule unga wa heshima ya ndoa."

"Heshima ya ndoa hailambwi kwa kijiko, braza. Wahi kurudi nyumbani."

Kisha unga ukaingia kwao. Mama yake, Bi Munira, magoti yalikuwa yamemlazimisha kusali juu ya kiti. Salma, mdogo wake Mwanakombo, akamnunulia kopo la "unga wa Kichina" kwa mchuuzi. Haukupita muda, mama akasujudu chini. Nyumba nzima ilifurahi. Mwanakombo alikwenda kumwona, akautazama uso wake.

"Shikamoo mama. Mbona mashavu yamekuvimba?"

"Marahaba. Nimenenepa tu. Au unanionea choyo?"

Salma akacheka. "Ya kwako inachemka wiki nzima, goti halina habari. Hii yangu usiku mmoja tu."

"Ndiyo maana naiogopa. Mizizi haina mbio hizo. Humo wamesagia vidonge vya hospitali."

"Umeviona?"

"Sijaviona. Na wewe hujaviona. Ndiyo kazi ya unga."

Angeweza kunyamaza. Wengi wetu tungenyamaza, tukaiita hiyo heshima kwa mzazi. Yeye alimpeleka mama hospitali, na kopo mkononi. Daktari alipima, akakuta sukari imepanda vibaya. Akasema dalili zote ni za dawa kali ya kutuliza uvimbe, na kwamba isikatwe ghafla; akampangia namna ya kuipunguza kidogo kidogo. Tujivunie mwanamke huyu wa Temeke, ambaye hakuilegeza kanuni yake hata ilipomgusa aliyemzaa.

Sukari ya Bi Munira imeshuka. Maumivu ya magoti yamerudi, na anasali tena juu ya kiti. Amehamia kwa Salma, Vingunguti. Mwanakombo huenda kila Ijumaa kumwamkia, na shikamoo yake haiitikiwi.