Moto wa Nje ya Uzio

Mwaka jana, asubuhi ya tamasha la ngoma za asili pale Ruangwa mjini, afisa aliyepewa kulisimamia alitukuta nje ya uzio wa mabati, sisi wanawake wa Likunja, tunapanga kuni. Mkubwa wetu ni dada yangu. Ndiye anayepiga ngoma kubwa tuliyoachiwa na marehemu mama.

"Mama zangu, mwaka huu hapana," alisema. "Tamasha lina wafadhili. Mkiwasha moto hapa na kuanza kelele zenu, hizo ngoma zitalala ofisini kwangu."

Kelele! Damu ilinichemka. Hao wafadhili tulikuwa tumewasikia. Walitoa maturubai, spika, fulana za rangi moja na pilau kwa kikundi kilicholetwa kutoka Nachingwea. Sisi tulijilipia bodaboda wenyewe, ngoma tumezifunga kwenye kanga. Tuliwahi kuomba kuingia ndani. Tukaambiwa tutapewa dakika tano, tusiimbe nyimbo za kuwasema wakubwa, na moto marufuku kwa sababu ya mazulia. Dakika tano! Kwetu mwimbaji anakuwa hata hajamaliza kusalimia.

Dada aliendelea kupasua kuni. Mimi niliogopa, sifichi. Ngoma ya mama ikishaingia ofisini, nani angetutolea? Ingekaa kule mpaka panya waile ngozi. Lakini hasira ilinizidi woga, nikainama nikapuliza moto.

Kabla afisa hajaita mgambo, manyunyu yakaanza. Hayakuwa mvua ya kupandia, ni yale tu ya kutuharibia korosho tulizoanika. Yalipokatika, tukasikia kikundi cha ndani kinajaribu ngoma zao. Pwa, pwa. Zimelegea zote. Ngozi ikishika unyevu, usipoipasha moto haisemi kitu, hata uiwekee spika kubwa namna gani. Na moto huko ndani walikuwa wameukataza wenyewe.

Mara kiongozi wa kikundi akatoka getini na ngoma begani, wenzake nyuma yake ndani ya fulana mpya. Ni mtani wetu wa siku nyingi.

"Jamani watani, tunaomba moto."

"Kwani pilau haina joto?" nikamuuliza. Tukacheka wote, hata yeye.

"Moto upo," dada akasema. "Ila utaratibu unaujua."

Anaujua sana. Kwetu ngoma iliyopashwa moto hujaribiwa palepale, pamoja na ngoma ya mwenye moto, mpaka zisikilizane. Huchukui joto la watu ukaondoka kimyakimya. Basi akakaa. Ngozi zilipokaza, dada akagonga, naye akajibu. Nikaanzisha wimbo, tena wa kuwasema wakubwa, unaomhusu bwana anayekodi spika huku ghala la ufuta linavuja. Watu waliokaa chini ya maturubai wakaanza kuchungulia juu ya mabati, kisha wakatoka mmojammoja, halafu wakatoka wote.

Afisa akaja mbio. "Inatosha! Ndani, ndani, mgeni rasmi anakaribia!"

Mtani akaweka sikio kwenye ngozi. "Bado, bosi. Hii moja haijakubali."

Ilikuwa imekubali kitambo, mwongo mkubwa yule! Nilimpenda siku ile.

Mgeni rasmi alikuta viti vitupu, akafuata mlio. Alisimama karibu na moto wetu, viatu vimejaa tope, akapiga makofi. Afisa naye, bila haya, akatutambulisha eti sisi ni sehemu ya tamasha. Nilifungua mdomo nimpe zake, dada akanikanyaga mguu.

Baadaye afisa akanivuta pembeni. Tamasha lijalo, akasema, angetuombea kwa wafadhili nasi tupate fulana, mradi tukubali kuingia ndani.

"Na moto?"

"Moto hapana, mama."

"Basi fulana kaa nazo, mwanangu. Sisi tupo hapahapa."

Akaitazama ile ngoma kubwa. Watu walikuwa bado wameizunguka, na kiongozi wa kikundi chake mwenyewe ameiwekea mkono juu. Afisa hakuigusa.

Jioni tuliifunga kwenye kanga tukapanda bodaboda. Ililala Likunja, chumbani kwa dada, na kuni za mwaka huu tumeshazipasua.