Sweta la Shangazi

Harufu ya siki inayochemka ndiyo iliyonipokea mlangoni kila nilipotoka shule msimu ule wa majani kupukutika, na nyuma yake ikaja harufu nzito ya sufu, kama mvua iliyolala ndani ya blanketi. Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi pembezoni mwa London, ukishapita Walthamstow, mahali ambapo nyumba za matofali zinakwisha na uzio wa mashamba unaanza. Baba alikuwa mtunzaji wa shamba dogo la kondoo, na nyumba tuliyoishi tulipewa pamoja na kazi. Mama alifanya kazi hospitali na alirudi nimeshalala. Bibi, mama yake Baba, alikuwa ametoka Makete kuja kunilea, na baridi ya Uingereza haikumtisha hata kidogo, maana kwao milimani pia umande huganda na wanawake hukaa jikoni na sindano za kufumia. Alichemsha chupa tupu, akazijaza nyanya mbichi zilizokataa kuiva, vitunguu na pilipili, akamimina siki ya moto na kukaza vifuniko. Chupa ya achari ikipoa, kifuniko chake hujivuta ndani kwa mlio mdogo. Jioni, tukinyamaza, tulizisikia rafuni, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegonga ukucha mezani.

Kondoo wetu walikuwa na kiongozi, jike zee lenye uso mweusi. Bibi alimwita Shangazi kwa sababu, alisema, aliamuru kila mtu na hakuna aliyethubutu kumjibu. Baba, ambaye dada yake alikuwa hivyo hivyo, alicheka mpaka akatafuta kiti. Shangazi alivaa kengele shingoni, naye alipokwenda wenzake walifuata. Alikufa kwa uzee wiki tuliyochuma nyanya za mwisho. Baba akamvua kengele, Bibi akaitundika msumarini juu ya chupa za achari, na kwa kuwa ililia kila mlango ulipobamizwa, akaufunga ulimi wake kwa uzi wa sufu, mizunguko mingi, mpaka ikawa bubu. Kisha akaendelea kufuma sweta langu. Sufu yake ilikuwa ya Shangazi, iliyonyolewa mwanzoni mwa kiangazi. Labda unajiuliza kwa nini lilinuka. Sufu ikifuliwa kwa sabuni nyingi hupoteza mafuta yake, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia mvua. Kwa hiyo Bibi aliisuuza kwa maji matupu, akaisokota ikiwa na harufu yake yote.

Sikutaka kulivaa. Niliamini kwamba Shangazi angekuja kudai sufu yake, na siku lilipokwisha nililitundika nje ya mlango wa chumba changu, asije akaingia kulitafuta. Bibi hakunikaripia. Alilileta asubuhi likiwa limekunjwa, akasema, "Mke mwenzangu, inua mikono. Alikupa akiwa hai. Huyu si mtu wa kudai."

Wakati huo Baba alikuwa na hofu nyingine. Tangu Shangazi afe, kondoo hawakukubali kuingia bandani jioni. Aliwasukuma, akawabembeleza kwa ndoo ya chakula, wao wakasimama wakitazama mahali pamoja uwanjani ambapo hapakuwa na kitu. Walikuwa wameshatoroka mara moja hadi barabarani. Wenye shamba walimwambia ikitokea tena watawauza wote, na sote tulijua kwamba bila kondoo hakuna kazi, na bila kazi hakuna nyumba.

Siku moja, saa kumi alasiri, ukungu ulishuka mzito kiasi cha kutoliona geti. Tulipolifikia, Baba nami, lilikuwa wazi. Tuliwakuta kondoo kwenye kijia kinachoelekea barabara kuu, wamejibana pamoja, taa za magari zikipita mbele yao. Baba alinizuia kwa mkono. Tukiwakimbilia, alininong'oneza, watatawanyika kwenye magari. Ndipo mmoja akageuka, akanusa upande wangu, kuelekea sweta nililovaa. Halafu mwingine. Vichwa vyote viligeuka, kimoja kimoja, bila sauti.

"Tembea," Baba akasema polepole. "Usikimbie. Wala usigeuke nyuma."

Niliwapa mgongo nikatembea. Nilisikia kwato kwenye majani yaliyolowa, pumzi zao karibu na viwiko vyangu, na nyuma kabisa, nyuma ya wa mwisho, kengele. Ililia taratibu, kwa mwendo wa mnyama mzee. Nilidhani Baba ameibeba. Niliingia bandani mpaka nikagusa ukuta wa mwisho, na miili yenye joto ikajaa kunizunguka. Baba alihesabu, wakatimia wote kumi na saba, akafunga mlango. Mikono yake ilikuwa mitupu. Nilipomuuliza kuhusu kengele, alinitazama kidogo, akasema twende ndani, baridi imezidi.

Jikoni, kengele ilikuwa msumarini, ulimi wake umefungwa vile vile. Bibi alisimama mbele ya sufuria, mwiko mkononi, hakoroji.

"Na wewe umeisikia," akasema, kisha akaninyooshea kola ya sweta.

Kondoo hawakuuzwa, nasi tuliendelea kuishi pale miaka minne zaidi. Baadaye shamba likajengwa nyumba, na Bibi alirudi Makete, akazikwa huko. Leo nakaa Lewisham, kwenye fleti ambayo achari yake hutoka dukani, na vifuniko vyake havigongi. Kufuma sikujifunza vya kutosha, nalijutia hilo. Lakini utotoni nilidhani Shangazi alinifuata, na sasa naona nilikosea. Maisha yake yote alitangulia. Jioni ile mbele palikuwa na mtu, kwa hiyo yeye akashika nyuma, wasije wakabaki waliochelewa.

Sweta sasa ni la binti yangu, ambaye naye ana miaka tisa. Asubuhi za ukungu hutangulia kwenda shule, nami namfuata hatua chache nyuma. Ananielewa kila neno, ila hujibu kwa Kiingereza. Wiki iliyopita, bila kugeuka, aliniomba niache kupiga kengele, watu wanatuangalia. Kengele iko jikoni kwangu, msumarini, na uzi wa Bibi sijaufungua.

Nilimwambia atembee tu.