Udongo Ulikuwa Baridi

Nilifunga muhula wa kwanza chuoni Kitui mjini, nikafika nyumbani Matinyani nikapata baba ako ndani ya shimo, hata kichwa hakionekani.

Punda wetu alikuwa amekufa na kiangazi, kwa hivyo mama alikuwa anabeba mitungi na mgongo kutoka mtoni, kule watu huchimba mchanga mpaka maji itokee. Mgongo ukaisha. Asubuhi alikuwa anaamka kwa kushikilia ukuta. Baba akaapa atamchimbia kisima nyuma ya jikoni, akaita jamaa wa kijiti. Huyo jamaa hutembea shambani ameshika kijiti cha panda, na kikiinama anasema chimba hapa. Kiliinama, akachinjiwa jogoo, akaenda zake.

Sasa baba alikuwa amechimba na hakuna hata tone. Na kuta zilikuwa zinamwagika. Kila kipande kikianguka, nakimbia kuchungulia.

"Nau, toka huko," nikamwambia. Sisi baba tunamwita nau. "Hapo hakuna kitu. Utazikwa."

"Kwani jirani alipata wapi maji? Si kwa kijiti?"

"Na mjomba? Na kule kanisani? Si walipata mawe tupu?"

"Hao walichimba na shaka."

Nilikuwa nimesoma saikolojia muhula mmoja, nikafikiri itatosha. Lekchara alitufundisha kwamba akili hushika ile kitu inataka kuamini na zingine inaziruka. Ukitaka ukweli, anayepimwa asijue jibu. Basi nikaita jamaa wa kijiti nimpime. Alikuja na miwani ya jua. Nikamtoa miwani, nikamfunga macho na leso ya mama, nikamzungusha, nikamtembeza shamba ile ile mara tatu.

"Dada, usinipeleke kwa miiba, nina bibi!" akapiga kelele. Mama akacheka, na alikuwa hajacheka tangu nifike.

Kijiti kiliinama karibu na choo. Kikainama kwa boma la mbuzi. Kikainama mlangoni kwa kuku. Kando ya shimo nilimshika mkono kwa nguvu asianguke, na hapo kijiti kikabaki kimenyooka kabisa.

Nikageukia baba, aliyekuwa amepanda juu kutazama. Karibu nilie na furaha. "Umeona?"

"Nimeona," akasema, macho yanang'aa. "Kumbe maji imejaa hii shamba yote! Ni kuongeza kidogo tu."

Akashuka tena.

Nikakimbilia mama. "Mwaitu, mkataze! Wewe atakusikia."

"Nimkataze, halafu?" Hakuniangalia. "Ukirudi chuo ni nani ataenda mtoni? Hiyo saikolojia yako?"

Nikaenda nikashika kamba, kwa sababu bila mtu wa kuvuta ndoo angepanda na kushuka mwenyewe, na hiyo ni mbaya zaidi.

Nikavuta ndoo baada ya ndoo, zote vumbi kavu, nikazimwaga. Kisha ingine ikaja. Nikaingiza mkono. Udongo ulikuwa baridi. Najua udongo wa chini huwa baridi, hata wa kaburi. Najua vizuri. Lakini niliufinya, nikaunusa, nikaufinya tena, nikaona kama umeshikana. Ndoo zote kavu nilizokuwa nimemwaga, hata moja sikuikumbuka.

Ukuta ukamwagika tena.

"Nau! Uko sawa?"

"Niko. Sema, udongo ukoje?"

Ningesema mkavu, pengine angetoka.

"Uko baridi," nikamwambia.

"Si nilisema!"

Nikamteremshia ndoo.