Madaftari manne ya marehemu

Jumanne tumemzika jirani yangu wa shamba, kule Tindiga. Alitapika damu nyumbani, na gari halijafika Kilosa mjini akawa amekata roho. Msibani kila mtu anatikisa kichwa: "Tumbo lilimtesa sana mzee wetu." Tumbo! Nimekaa mkekani nimenuna, maana mimi najua yalianzia wapi.

Yalianza mkewe alipofariki. Siku ile hakutoa chozi, nami kwa ujinga wangu nikamsifia mbele za watu: "Mwanamume ndiyo huyu!" Arobaini haijapita, kifua kinawaka. Kikaja kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, usingizi hakuna. Ndege wanamaliza mpunga, yeye anawatazama tu. Akaenda zahanati. Asipopona anahamia nyingine, mpaka huko njia ya Mikumi, na kila anapohamia ananunua daftari jipya la kuandikiwa matibabu, ati la zamani lina nuksi. Daktari mpya atajuaje ya mwenzake? Anapima, haoni kitu, anampa vidonge vya maumivu. Vingine akajinunulia dukani, anavitafuna kama karanga na tumbo tupu. Hivyo ndivyo vilivyomtoboa tumbo.

Binti yake amenipa hayo madaftari, manne. Ndugu zangu mnaonisoma hapa mnajua niliishia darasa la tatu, na nilichonacho nimekipata kwa mikono hii. Lakini kusoma najua. Nimesoma yote. Kichwa, kifua, tumbo, hapati usingizi. Kichwa, kifua, tumbo, hapati usingizi. Hakuna aliyeandika kwamba mtu huyu kafiwa na mke! Mpaka ukurasa wa mwisho kabisa, nesi mmoja kaandika: "Ana huzuni nzito. Arudi tuongee."

Siku hiyo naikumbuka, alipitia kwangu. "Kaka, yule nesi kaniuliza nyumbani nabaki na nani. Nimelia, kaka. Kasema nirudi."

Nikamcheka. "Hospitali unakwenda kupiga soga? Wewe mgonjwa au bibi harusi?" Nikampa vidonge vyangu viwili vya mgongo. Kwa nesi hakurudi tena.

Kwa hiyo nikizikasirikia zahanati, na mimi nimo. Kifua kilimuuma kweli, hakuwa anajidekeza. Ila kilichokiuma hakionekani kwenye kipimo cha damu. Shika daftari moja, mzee mwenzangu, na huyo anayekupima mwambie nani kakufia. Na mwenzako akikwambia amelia, mvutie kigoda akae. Vidonge vyako viache mfukoni.