Kati ya Kura na Kula

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninyamaze, na nilikuwa nimeajiriwa ili niseme. Mkuu wa Kitengo cha Ukalimani, mama Mnyarwanda aliyekulia Tanzania kama mimi, alinipeleka nyuma ya ukumbi wa mikutano jijini Kigali, akafungua kibanda cha kioo na kunikalisha mbele ya maikrofoni iliyozimwa.

"Miezi mitatu utatafsiri humu bila kusikika," alisema. "Kisha nitaamua kama unabaki au unarudi mtaani kwenu Niboye kutafuta kazi nyingine."

"Kwa nini mitatu, Madamu?"

"Kwa sababu nimesema."

Nilikuwa na shahada ya isimu na jibu la namna hiyo halikunitosha. Kwa nini wakalimani wawili hupokezana kila baada ya muda mfupi? Nilijua nilipong'ang'ania peke yangu, ulimi ukagoma. Ukalimani sambamba, yaani kusema huku mzungumzaji naye akiendelea, haumsamehe mtu. Kwa nini tuache "mkia", lile pengo la maneno machache kati yake na sisi? Kwa sababu Mnyarwanda anaweza kuanza sentensi kwa *ejo*, ambayo ni jana na ni kesho pia. Usiposubiri kitenzi, utawaalika watu kwenye mkutano uliokwisha kufanyika.

Hayo niliyakubali. Kanuni moja ilinikera: kibanda hakiulizi. Usiposikia vizuri, kisia kutokana na muktadha, songa mbele.

"Na nikikisia vibaya?"

"Ndiyo maana natafuta wanaokisia vizuri."

Mtihani wangu, mwisho wa miezi mitatu, ulikuwa mkutano halisi, maikrofoni wazi, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Madamu alikaa ukumbini akinisikiliza. Kando yangu alikuwa Aline, mkalimani mzoefu.

Akina mama wanaovusha mboga mpakani walikuwa wanachagua mwakilishi wao. Mwenyekiti, bwana mmoja kutoka Kampala, hakujua Kiswahili. Alitegemea sauti yangu. Saa sita ilikuwa imepita na harufu ya isombe, kisamvu cha kwetu, ilikuwa imeshaingia ukumbini. Basi la wajumbe wa ng'ambo ya mpaka lingeondoka mara tu baada ya chakula. Mwenyekiti akauliza kinachofuata. Mama mmoja wa Rwezamenyo, mtaa wa hapa Kigali, akasimama.

"Mwenyekiti, sisi tunasema kura kwanza. Ingine iko baadaye."

Au alisema kula? Kigali kwetu r na l hubadilishana viti bila kuombana ruhusa. Angetanguliza neno "kupiga" angeniokoa, lakini hakulitanguliza.

Aline akabonyeza kitufe cha kikohozi, kile kinachokata sauti kwa muda. "Sema kula, sha! Husikii tumbo lako?"

Muktadha ulikubali yote mawili. Nikisema kula kimakosa, wageni wangekula, wangepanda basi, na mwakilishi angechaguliwa bila wao. Nikiuliza, ningevunja kanuni mbele ya mtu aliyeshika ajira yangu. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kugonga kifaa chake cha sikioni, akidhani kimeharibika.

Nikafungua mlango wa kibanda, nikatoa kichwa.

"Mama, samahani! Kura ya sanduku au kula ya sahani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama akageuka, mikono kiunoni.

"Weye kijana! Mimi mama mzima nisimame mbele ya watu kuomba wali? Ya sanduku! Wali iko hata nyumbani kwangu!"

Nikarudi kwenye maikrofoni, nikamfikishia mwenyekiti, mpaka ule wali. Wakapiga kura wote, na wa basi wakiwemo.

Madamu alinikuta kwenye foleni ya chakula.

"Nani alikuruhusu kuuliza?"

"Hakuna, Madamu."

"Na ungekisia, ungesema nini?"

"Kula."

Alichota isombe taratibu. "Jumatatu unaanza rasmi na Aline. Lakini ule mlango usiufungue tena. Kuna kitufe cha kuongea na ukumbi."

"Hamkunionyesha!"

"Pamoja na maswali yako yote, hilo hukuuliza."

Madamu amestaafu, na wanagenzi sasa wanakuja kwangu. Nawaambia wakisie, maana bila kukisia kazi hii haiendi. Lakini pale ambapo kosa lako litamnyima mtu sauti yake, uliza, uchekwe. Kicheko huisha kabla ya sahani kuondolewa mezani.