Pikapu Niliyoinenepesha

Nakumbuka asubuhi ile nilipomkalisha bibi harusi juu ya ndoo, kando ya barabara ya Kagongwa, kwa ujinga wangu mwenyewe. Cheka tu, mwanangu. Mimi nilianza kucheka baadaye sana.

Nilikuwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na pikapu ya dizeli, na vyote viwili nilivifungia nyumbani. Baba yangu alikuwa na dume moja ambalo halikulima wala kuvuta mkokoteni; kazi yake ilikuwa kula mpaka ngozi ing'ae. Nami pikapu niliilea hivyohivyo. Masika yote ilikaa chini ya turubai, tangi nusu. Asubuhi naingurumisha kidogo, nasikiliza, nazima, narudi kwenye kiti changu. Wenzangu walihangaika Mwakitolyo kutafuta dhahabu. Mimi niliogopa hata matuta ya barabarani. Moyoni nilijua kuwa gari lisilotembea haliharibiki. Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure, lakini nilidhani hiyo inawahusu watembea kwa miguu.

Siku hiyo jirani yangu, Mama Kulwa, alikuwa anamwoza binti yake Kulwa. Padre angefungisha ndoa asubuhi kisha aondoke kwenda kigango cha mbali. Wakimkosa, wangengoja mpaka arudi, na ng'ombe wa karamu alikuwa ameshachinjwa. Mama Kulwa aliniuliza kama gari ni zima. Nikamjibu, "Mama, hii haijawahi hata kuchoka."

Nikawapakia kwenda kanisani, lakini hatukufika mbali. Pikapu ilikohoa, ikashtukashtuka, ikazima. Nikapiga stata, ikaguna tu. Watu wakajaa kwenye boneti. Mjomba wa bibi harusi akasema ni betri. Kijana wa bodaboda akasema nimejaza dizeli ya machimbo badala ya dizeli ya barabara, eti hizo ni mbili tofauti. Mwingine akanusa tangi, akasema mna mafuta ya taa. Mama mmoja akasema ni jicho la mtu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, nami nilikubaliana na kila nahodha: nikapangusa betri, nikanusa tangi, nikaanza kumtafuta mwenye jicho.

Kulwa alikuwa amekalia ndoo, gauni amelikusanya mapajani lisiguse vumbi. "Baba Limi," akaniuliza, "hivi unajua unachotafuta, au unatazama tu?"

"Natazama kwanza," nikasema.

Mama yake hakungoja nimalize kutazama. Alirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi, akaja na pawatila yao, trekta dogo la kubebea mpunga, tope mpaka kwenye usukani, tela limetandikwa khanga. Bibi harusi akapandishwa, wakaniacha. Nilisimuliwa baadaye kwamba padre alikuwa ameshapanda pikipiki yake. Alipoona shela linakuja juu ya tela, akashuka na kurudi kanisani.

Kesho yake fundi alilegeza koki ndogo chini ya chujio la dizeli. Yakatoka maji. Maji, mwanangu, kwenye gari lililofunikwa! Akasema tangi likiwa nusu, joto la mchana na baridi ya usiku hulitoa jasho ndani, kama mfuniko wa sufuria, na jasho lile huzama chini ya dizeli. Fundi wa pili akabisha: maji yalikuja na dizeli yenyewe, maana niliinunua kwa mchuuzi wa pipa. Mpaka leo sijui nimwamini nani. Najua tu yalikuwa kidogo, na yalitosha. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Basi sikiliza. Dizeli inunue kituo chenye wateja wengi. Ikibidi ununue ya pipa, itie kwanza kwenye chupa nyeupe, uiache itulie; maji yatajitenga chini. Gari likikaa, lijaze tangi, jasho likose nafasi. Ile koki ilegeze mara kwa mara, injini imezimwa, mpaka itoke dizeli tupu. Chujio likichoka libadilishe, usilipulize na kulirudisha kama mimi. Na gari litembeze, hata uende Mwadui kumsalimia shangazi. Usimwahidi mtu siku yake kubwa kwa chombo ambacho hujawahi kukituma kazi. Mungu akupe safari za kwenda na kurudi, na kila utakayempakia umfikishe.

Nilipokwenda kumwomba radhi Mama Kulwa, nilimweleza habari zote za jasho la tangi, nusu nikiwa sijazielewa. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho. Akasema, "Baba Limi, gari limemfuata mwenyewe. Limekaa nyumbani mpaka limeota maji tumboni."